Mateka wa Raqqa: vijana watatu wa London, barua pepe za kikombozi na kesi iliyochukua miaka minane

Mwanzoni mwa mwaka 2014 wanaume karibu ishirini kutoka mataifa mbalimbali walikuwa wamefungiwa chumba kimoja karibu na mji wa Raqqa, kaskazini mwa Syria. Wanawake waliwekwa kando. Wengi wao walikuwa waandishi wa habari na wafanyakazi wa misaada, waliokamatwa kwa nyakati tofauti tangu Novemba 2012 hadi wote wakaishia mikononi mwa kundi lililokuja kujiita Dola la Kiislamu, yaani IS. Njaa yao ilikuwa moja na kipigo chao kilikuwa kimoja. Kilichowatenganisha ni hati ya kusafiria. Machi walianza kutoka Wahispania. Aprili wakafuata Wafaransa wanne. Mei akaachiwa Mwitaliano, na Juni raia wa Denmark na Mjerumani. Mrusi mmoja alikuwa ameshapigwa risasi, na picha ya maiti yake ikaonyeshwa wenzake. Waliobaki walikuwa Wamarekani na Waingereza. Kuanzia Agosti wakaanza kuuawa mmoja baada ya mwingine mbele ya kamera.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya ukatili, na ukatili wenyewe upo wa kutosha. Mimi nataka kukitazama kwa upande mwingine. Waliosimamia biashara hiyo ya binadamu, wakaandika barua za kudai fedha, wakapanga nani atoke na nani abaki, walikuwa vijana waliokulia magharibi mwa London. IS ilikuwa na maelfu ya watu wa kushika bunduki. Vijana hawa iliwahitaji kwa jambo ambalo mpiganaji wa Mosul au Aleppo hakuliweza: waliijua nyumba aliyotoka mateka. Walijua mama wa Kimarekani atasomaje barua pepe, gazeti la Uingereza litaandika nini kesho yake, na serikali ipi husema hailipi huku ikilipa.

Walikotoka

Mohammed Emwazi alizaliwa Kuwait mwaka 1988, akaletwa Uingereza akiwa na miaka sita. Alisoma London na kuhitimu Chuo Kikuu cha Westminster katika mambo ya kompyuta na biashara. Alexanda Kotey alizaliwa London, baba Mghana na mama mwenye asili ya Kigiriki kutoka Cyprus, akasilimu ukubwani. El Shafee Elsheikh alizaliwa Sudan, wazazi wake wakakimbilia Uingereza yeye akiwa mtoto, na akakulia mtaa wa White City. Hakuna hata mmoja aliyetoka katika nyumba ambayo mtu angesema ilimwandalia njia hiyo. Mdogo wake Elsheikh naye alimfuata vitani, akafia Iraki.

Kabla ya Syria kulikuwa na Somalia, na hapa kisa kinagusa kwetu moja kwa moja. Mwaka 2009 Emwazi alitua Dar es Salaam na marafiki zake wawili. Walisema wamekuja kutembelea mbuga za wanyama. Hawakuruhusiwa kuingia nchini. Walizuiwa, wakalala mahabusu, kisha wakarudishwa Ulaya kupitia Amsterdam, ambako maofisa wa Uingereza walikuwa wanawasubiri kwa maswali. Shaka ya Waingereza ilikuwa kwamba vijana hao walikuwa njiani kwenda kujiunga na Al-Shabaab. Hawakuwa wa kwanza kutoka mitaa ile. Mapema mwaka huohuo Bilal al-Berjawi, kijana mwingine wa London, alikamatwa Kenya akiwa na mwenzake na kurudishwa Uingereza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ameshafika Somalia kwa njia nyingine, akawa mtu mzito ndani ya Al-Shabaab mpaka alipouawa kwa shambulio la droni Januari 2012. Nyaraka za mahakama za Uingereza zinamtaja Emwazi ndani ya mtandao huo uliokuwa unapeleka watu na fedha Somalia.

Emwazi mwenyewe alilalamika kwamba maofisa wa usalama walimsumbua, wakamzuia kurudi kufanya kazi Kuwait, wakamharibia maisha. Jina lake lilipofichuliwa Februari 2015, wapo waliosimama hadharani wakasema usumbufu huo ndio uliomgeuza. Sikubaliani nao. Kusumbuliwa uwanja wa ndege ni dhuluma inapomkuta asiye na hatia, na vijana wengi Waislamu wa London, wa Nairobi na wa Mombasa wameionja. Lakini waliosumbuliwa ni maelfu, na waliokwenda kuwachinja watu waliofungwa mikono wanahesabika. Tena orodha ya safari inasema yenyewe: safari ya Dar es Salaam ilitangulia malalamiko.

Mwaka 2012 wote watatu walikuwa wameingia Syria. Kwa muda ule haikuwa kazi ngumu. Mtu alipanda ndege hadi Uturuki, akafika mji wa mpakani, akavuka usiku.

Kazi yao

Mateka hawakuwaona sura. Vijana hao walipoingia chumbani walikuwa wamefunika nyuso, na wafungwa walitakiwa kupiga magoti na kutazama ukuta. Walichobaki nacho ni sauti. Lafudhi ilikuwa ya London wazi, na kwa kunong'onezana wafungwa wakawapachika majina ya wanamuziki wa The Beatles, bendi maarufu ya Uingereza. Magazeti yakalipenda jina hilo. Mimi nitaliacha hapohapo, kwa kuwa linawafanya wauaji waonekane wachekeshaji.

James Foley, mwandishi wa Kimarekani, alikamatwa Novemba 2012 kaskazini mwa Syria pamoja na mpiga picha Mwingereza John Cantlie. Machi 2013 wakakamatwa David Haines, Mwingereza wa shirika la misaada, na Mwitaliano Federico Motka. Agosti 2013 Steven Sotloff, mwandishi, na siku hiyohiyo Kayla Mueller, binti wa Arizona aliyekuwa akitoka hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Aleppo. Oktoba akakamatwa Peter Kassig, aliyewahi kuwa askari wa Marekani, kisha akaanzisha shirika dogo la kupeleka dawa na vifaa kwa Wasyria. Desemba ikawa zamu ya Alan Henning, dereva teksi kutoka eneo la Manchester, aliyejitolea kuendesha gari la misaada katika msafara wa marafiki zake Waislamu. Wenzake waliachiwa, yeye akabakizwa.

Barua pepe ya kwanza iliifikia familia ya Diane Foley, mama yake James, Novemba 2013, mwaka mzima baada ya mwanawe kutoweka. Waandishi wake walitaka euro milioni 100, au Waislamu waliofungwa magereza ya Marekani waachiliwe. Wazazi wa Kayla walidaiwa euro milioni 5. Familia ziliruhusiwa kutuma maswali ambayo mateka pekee angeweza kuyajibu, mambo ya ndani ya ukoo, ili zijue kwamba mtu wao yu hai. Majibu yalirudi, sahihi kabisa. Wazia hali hiyo: familia inashangilia kwamba mtoto wao anakumbuka jambo fulani la harusini, na aliyelileta jibu ni yule anayempiga.

Hapa ndipo ujuzi wa nyumbani unapoonekana. Barua zile ziliandikwa kwa Kiingereza cha mtu anayejua akigusa wapi panauma. Zilizitaja serikali nyingine zilizowatoa watu wao, ili mzazi wa Marekani aanze kuuliza mbona yetu haifanyi hivyo. Madai yalipangwa kwa nchi. Kiasi kilichotakiwa kwa Mfaransa au Mhispania kililingana na kile ambacho serikali yake, kwa uzoefu wa utekaji wa Sahara na Somalia, iliaminika kuwa tayari kutoa. Kwa Mmarekani kilitajwa kiasi ambacho hakuna familia ingeweza kukifikia. Wafungwa walionusurika wamesema wenyewe waliona mapema kwamba wamegawanywa mafungu mawili, na kwamba waliotoka Marekani na Uingereza walipigwa kuliko wengine.

Kipigo hicho kilielezwa mahakamani kwa kirefu. Motka alisimulia jinsi walivyolazimishwa kupigana wao kwa wao, watu waliodhoofika kwa njaa, mpaka wengine wazimie, huku walinzi wakitazama na kutoa maelekezo. Palikuwa na kuzamishwa kwa maji, shoti za umeme na kuning'inizwa. Aprili 2014, kwa mujibu wa hati ya mashtaka, mateka walipelekwa nje, wakapigishwa magoti kando ya kaburi lililochimbwa, wameshikishwa mabango ya kuomba wakombolewe. Mbele yao Emwazi akampiga risasi mfungwa wa Kisyria, Elsheikh akirekodi video. Kilichofanyika pale kilikuwa tangazo la biashara, na Msyria yule, ambaye jina lake karibu hakuna anayelijua, aliuawa ili picha iwafikie watu wenye fedha Ulaya.

Hilo lisipite bila kusemwa. Walioteswa na kuuawa na IS walikuwa kwa wingi kabisa Wasyria na Wairaki, na wengi wao Waislamu. Dunia inawakumbuka wageni wachache kwa kuwa mauaji yao yalitangazwa kwa Kiingereza, na kijana wa London, akiwa amevaa nguo nyeusi. Ndivyo alivyotumika: sauti yake ilikuwa daraja la kufikisha hofu kwenye sebule ambazo Kiarabu kisingefika.

Wanaolipa na wasiolipa

Juni 2013 viongozi wa nchi nane tajiri walikutana Lough Erne, Ireland Kaskazini, wakatia saini tamko la kukataa kuwalipa magaidi kikombozi. Ufaransa, Italia na Ujerumani zilikuwemo. Januari 2014 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 2133 la mwelekeo huohuo. Katika miezi mitano iliyofuata raia wa nchi hizohizo walitoka Raqqa wakiwa hai. Serikali zao zimekana kulipa, lakini inaaminika kwa upana kwamba fedha zilipita. Kwa Denmark njia ilikuwa tofauti: serikali ilikataa, ila haikuizuia familia ya mpiga picha Daniel Rye kuchangisha. Familia ikakusanya euro takriban milioni mbili kwa michango, na Juni 2014 kijana wao akatoka.

Rye alitoka na kitu ambacho watekaji hawakukijua. Barua za mateka zilikuwa zinanyang'anywa, basi Foley alimwomba aikariri barua yake kwa familia. Rye akaishika kichwani neno kwa neno. Alipofika Denmark alimpigia simu Diane Foley na kumsomea kwa kumbukumbu.

Upande wa Marekani mambo yalikuwa mazito. Familia ziliambiwa zinyamaze, zisitangaze. Ziliambiwa serikali haitalipa, wala haitabadilishana wafungwa. Na kwa maelezo ya wazazi wenyewe, maofisa waliwaonya kwamba wakilipa wao wanaweza kushtakiwa kwa kuwafadhili magaidi. Mei 2014 serikali ileile ikawaachia wafungwa watano wa Taliban kutoka gereza lake la Guantánamo ili kumpata askari wake, Bowe Bergdahl. Kwa wazazi wa Foley, Sotloff, Kassig na Mueller hilo lilikuwa kofi. Kumbe mlango haukuwa umefungwa kwa kila mtu.

Nina mfano wa kwetu unaoonyesha jinsi sheria hii inavyokata kwa namna ya ajabu. Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli ya Kiwayu, Lamu, wakamuua Mwingereza David Tebbutt na kumchukua mkewe Judith hadi Somalia. Watekaji walihesabiwa kuwa maharamia. Familia yake ikachangisha fedha, zikalipwa, na Machi 2012 akaachiwa. Sheria ya Uingereza inakataza kuwalipa magaidi, haikatazi kumlipa mhalifu wa kawaida. Kwa hiyo Mwingereza aliyetekwa Lamu na Mwingereza aliyetekwa Syria walikuwa na nchi moja na sheria moja, na kilichoamua kama ndugu zao wanaruhusiwa kuwaokoa ni jina la kundi lililowateka. Fedha iliyompa uhuru Judith Tebbutt nayo iliingia mikononi mwa watu wabaya, hilo ni kweli. Lakini sijaona mtu wa kunishawishi kwamba ingekuwa afadhali afe.

Hoja ya upande wa pili naijua. Kila kikombozi kinanunua bunduki na kinatangaza kwamba utekaji unalipa, na IS ilijikusanyia mamilioni kwa njia hiyo. Serikali kukataa kutoa fedha ya umma naweza kuielewa. Nisichoweza kukitetea ni mambo matatu yaliyofanywa pamoja nayo: kukataa hata kuzungumza kwa dhati na watekaji ili kupata muda, kuzitisha familia, na kuzificha taarifa. Hayo matatu hayakuwapunguzia magaidi hata senti moja.

Serikali ya Marekani ilijaribu njia ya nguvu. Mapema Julai 2014 makomando walishuka usiku karibu na Raqqa, kwenye jengo ambalo mateka waliotoka walikuwa wamelieleza. Walikuta alama za waliokuwa wamekaa pale. Watu wenyewe walikuwa wamehamishwa.

Agosti 8 Marekani ilianza kuipiga IS kwa mabomu Iraki. Agosti 12 wazazi wa Foley walipata barua pepe ya mwisho, yenye hasira tupu, ikisema mwana wao atauawa kulipiza mabomu hayo. Agosti 19 video ikatoka. Sotloff, Septemba 2. Haines, Septemba 13. Henning, Oktoba 3, baada ya mashehe na viongozi wa Kiislamu wa Uingereza kumwombea hadharani, wakisema mtu huyu alikuja kuwasaidia Waislamu. Kassig, Novemba 16. Yeye alikuwa amesilimu akiwa kifungoni na kuitwa Abdul-Rahman. Halikumsaidia. Wanaodai kuua kwa ajili ya dini walimuua anayeswali pamoja nao.

Kayla Mueller alikuwa na safari nyingine ya mateso. Alitengwa na wengine, akakabidhiwa kwa Abu Bakr al-Baghdadi, kiongozi wa IS, aliyembaka mara nyingi. Alishikiliwa nyumba moja na wasichana wa Kiyazidi, jamii ndogo yenye dini yake, waliokamatwa Sinjar, kaskazini mwa Iraki, na ni hao, walipofanikiwa kutoroka, walioeleza yaliyompata. Wao wenyewe walimsihi wakimbie pamoja. Alikataa kwa kuhofia kwamba sura yake ya kigeni ingewakamatisha. Februari 2015 IS ilitangaza kwamba amekufa, ikasingizia ndege za Jordan. Alikuwa na miaka 26.

Nani alikuwa nyuma ya kitambaa

Novemba 2015 droni ilimuua Emwazi mjini Raqqa. Viongozi wa London na Washington walisema haki imetendeka. Familia kadhaa zilisema zingetaka asimame kizimbani, na naamini zilikuwa na haki. Droni ilimnyamazisha mtu aliyekuwa na majibu.

Lakini kumfikisha mtu kizimbani kwa makosa kama haya si kazi rahisi, na lipo tukio lililotangulia linaloonyesha kwa nini. John Cantlie alikamatwa Syria mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Julai 2012, akiwa na mwandishi mwenzake wa Kiholanzi. Walipigwa risasi wakijaribu kukimbia, kisha wakaokolewa. Aliporudi alieleza kwamba miongoni mwa waliomshikilia walikuwemo Waingereza. Polisi waliwafungulia mashtaka watu watatu, mmoja wao daktari. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 2013, mashahidi hawakuweza kuletwa, na Cantlie alikuwa ameshatekwa tena na hilo lilikuwa halijatangazwa. Mashtaka yakaanguka, washtakiwa wakaachiwa huru. Kisheria hawana hatia na hapo pana mwisho wake. Ila anayejiuliza kwa nini wapiganaji waliorudi kutoka Syria hawashtakiwi kwa wingi atazame hapo: shahidi yuko kwenye shimo la Aleppo.

Kotey na Elsheikh walikamatwa Januari 2018 na wapiganaji wa Kikurdi wa kaskazini mashariki mwa Syria, wakijaribu kutorokea Uturuki. Uingereza ilikuwa imeshaamua kutowataka. Ikawafutia uraia, na ikakubali kuwapa Marekani ushahidi wa miaka mingi bila kudai ahadi ya kawaida kwamba hawatanyongwa. Mama yake Elsheikh, Maha Elgizouli, akaenda mahakamani. Machi 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimpa ushindi: kuhamisha taarifa hizo bila ahadi hiyo kulivunja sheria ya nchi ya ulinzi wa taarifa binafsi. Wapo waliokasirika kwamba mama wa muuaji amesimamisha kesi. Mimi naona alifanya kazi ambayo serikali iliikwepa. Agosti 2020 Mwanasheria Mkuu wa Marekani, William Barr, akaahidi kwa maandishi kwamba hawatadaiwa adhabu ya kifo, ushahidi ukavuka bahari, na Oktoba wakapelekwa Alexandria, Virginia. Hata baadhi ya wazazi wa waliouawa walikuwa wamekwisha kusema hawataki wanyongwe. Waliwataka wakiwa hai, waseme.

Mashtaka yalikuwa manane: manne ya utekaji uliosababisha kifo, moja kwa kila Mmarekani, na mengine ya kula njama na kuwapa magaidi msaada. Septemba 2021 Kotey alikiri yote. Makubaliano yake yalimtaka ajibu maswali ya wachunguzi na akutane na familia zitakazotaka. Diane Foley alikwenda. Alikaa naye chumba kimoja kwa siku kadhaa akimweleza James alikuwa mtu wa aina gani na kumuuliza alichokuwa anataka kukijua tangu 2012. Aprili 2022 Kotey alihukumiwa kifungo cha maisha.

Elsheikh alikana. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuuvunja: ndiyo, alikuwa mpiganaji wa IS, lakini si mmoja wa wale watatu, na ni shahidi gani aliyemwona uso? Kweli hakuwepo. Mateka wa zamani walipanda kizimbani mmoja mmoja, wakaeleza sauti, maumbo na tabia, na hakuna aliyeweza kunyoosha kidole na kuapa kwamba sura ni hii. Vitambaa vilikuwa vimefanya kazi yake.

Kilichomfunga ni maneno yake. Baada ya kukamatwa, kabla hajapelekwa Marekani, yeye na Kotey walifanya mahojiano na vyombo kadhaa vya habari. Pengine walidhani wataonekana wakweli kiasi, wapate huruma, wapelekwe Uingereza. Humo walikiri kushughulika na mateka, na Elsheikh akaeleza jinsi walivyopata kwa Kayla Mueller anwani ya barua pepe ya kuwaandikia ndugu zake. Mawakili wake walisema aliongea kwa kulazimishwa na waliomshikilia. Jaji T. S. Ellis aliyapokea mahojiano hayo kama ushahidi. Ile ile lafudhi na ile ile kujiamini mbele ya kamera, vilivyowapa thamani ndani ya IS, ndivyo raia 12 wa jopo la kuamua hatia walivyovisikia. Aprili 14, 2022 wakamtia hatiani kwa mashtaka yote manane. Agosti 19, miaka minane kamili tangu video ya Foley, akapewa vifungo vinane vya maisha.

Jina la nne limekuwa likitajwa, la Aine Davis, Mwingereza aliyefungwa Uturuki kwa uanachama wa IS na kurudishwa London mwaka 2022. Mwaka 2023 alihukumiwa miaka minane Uingereza kwa kumiliki silaha na kufadhili ugaidi. Yeye anakana kuhusika na mateka, na kesi ya Virginia iliendeshwa kwa hesabu ya watu watatu, kwa hiyo simwingizi katika uchambuzi huu zaidi ya hapo.

Yaliyobaki wazi

Juni 2015 Rais Obama alibadilisha utaratibu: kikaundwa kituo kimoja cha kushughulikia mateka, akateuliwa mjumbe maalumu, na ikatamkwa wazi kwamba serikali inaweza kuzungumza na watekaji, na kwamba hakuna familia ya Kimarekani iliyowahi kushtakiwa kwa kulipa. Mabadiliko hayo yalisukumwa kwa kiasi kikubwa na wazazi hawahawa, hasa Diane Foley, aliyeanzisha taasisi yenye jina la mwanawe. Uingereza haikulegeza sheria yake, na haikuwashtaki Kotey na Elsheikh kwa damu ya Haines na Henning. Raia wake waliuawa na watu iliowalea yenyewe, na kesi ikasikilizwa nchi nyingine. Kwa nchi yenye mahakama za uwezo ule, naliona hilo kuwa kushindwa kukubwa, na kufuta uraia hakukuficha kitu: lafudhi ya washtakiwa ilisikika kortini kila siku.

Familia ya Cantlie ilifanya ibada ya kumkumbuka mwaka 2022 bila mwili. Wakati hukumu za Virginia zinatolewa, hakuna mwili wa Mmarekani hata mmoja uliokuwa umerudishwa. Mei 2025 Qatar ilitangaza kwamba kikosi chake, kilichotafuta kwa maombi ya FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, kimepata mabaki ya watu wapatao 30 huko Dabiq, kaskazini mwa Syria. Utambuzi wa mabaki kama hayo hutegemea vinasaba na huchukua muda. Kotey, kwa makubaliano yake, baada ya miaka 15 gerezani Marekani anaweza kuhamishiwa Uingereza kumalizia kifungo. Sharti la kujibu maswali ya wachunguzi bado linamfunga, na swali la kwanza kwenye orodha ya wazazi wa Kayla ni wapi alizikwa.